Taa Kwanza, Kioo Baadaye

Nashona kofia za viua, zile za vitobo vidogo. Nina miaka 47 na uzi haupiti tena tunduni. Nichukue miwani namba ngapi?

Barua ya nne hii mwezi huu, na nyote wanne hamkuniambia kofia mnaishikia umbali gani. Chukueni futi kamba, mpime kutoka jichoni hadi ncha ya sindano. Kwa mtu anayeona mbali vizuri, miwani ya namba 2 huona wazi mwisho sentimita 50, namba 3 mwisho 33, namba 4 mwisho 25. Anayekimbilia namba 4 kwa kuwa "inakuza zaidi" atashona kofia ikiwa puani, na jioni atalia na shingo. Anza na ndogo inayokutosha. Halafu, miwani ya kupanga mezani sokoni ina namba ileile kulia na kushoto. Macho yako huenda si mapacha. Kapimwe.

Nimeuziwa taa yenye kioo kipana kama sahani, muuzaji anasema inakuza mara 10. Mbona sioni hivyo?

Kwa sababu umedanganywa, mama. Kioo cha mara 10 ni kile kidogo cha sonara, na kazi lazima ikae kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye kioo. Sindano utaipitisha wapi hapo? Taa hizo nyingi ni namba 3 au 5, yaani hazifiki hata mara mbili na nusu, na kwa kushona zinatosha kabisa. Ukimaliza kazi ifunike kwa kitambaa. Jua la dirishani likipita humo hukusanyika sehemu moja, na mkeka hushika moto.

Naweza kutumia kamera ya simu?

Kukagua mshono, ndiyo. Kushonea, mkono wa tatu utautoa wapi?

Mume wangu anasema miwani inalemaza macho.

Hailemazi. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyokwenda, uvae usivae. Mwulize yeye simu yake anaisomea umbali gani.

Uzi mweupe, kitambaa cheupe, usiku. Vitobo sivioni hata kwa kioo.

Swali nililolisubiri. Mimi mwenyewe nilinunua kioo cha kuning'iniza shingoni, ghali, nikahangaika nacho wiki tatu. Mjukuu wangu, aliyetaka tu nafasi ya kuweka daftari, akaisogeza taa kutoka nyuma yangu akaiweka kushoto, chini kidogo. Kila kitobo kikapata kivuli chake! Nyuma yangu, taa ilikuwa inatupa kivuli cha kichwa changu juu ya kazi. Anayeshona kwa mkono wa kushoto aiweke kulia. Kisha tandaza kanga nyeusi mapajani, chini ya kofia, vitobo vitoke kama nukta za wino. Kioo kinakuza unachokiona. Giza nalo kitalikuza vilevile. Mwenye miaka 60 anahitaji mwanga mwingi kuliko binti yake, kwa hiyo msigombanie balbu moja.

Jicho moja lina ukungu, hata taa naiona na duara. Kuna kioo chenye nguvu zaidi?

Weka sindano chini. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni presha ya macho, na kioo hakitibu hata kimoja. Nenda hospitali wiki hii, na kama una sukari nenda kesho. Matone aliyopewa jirani mwache nayo jirani.