Maswali yenu: hizi app za kuhesabu kalori

Sikukuu zimepita, watu wamekanyaga mizani, na maswali ya app za diet yamejaa. Naanza na lile linalonichosha.

*Nilifuta app kwa simu lakini mwezi huu nimekatwa pesa tena, mbona? (Kisauni)*

Hili nishalijibu mara ngapi jamani! Kufuta app si kukatiza malipo. Ingia Play Store, bonyeza picha yako pale juu, tafuta Malipo na usajili, ukatize hapo ndio ufute. Na ile "siku saba bure" ukishaweka kadi ama M-Pesa si bure tena, ni deni linasubiri siku yake, kwa hivyo weka alamu siku ya tano. Huko Marekani wateja wa Noom, app ya kupunguza uzito, walienda kortini kwa haya haya ya majaribio kugeuka malipo, na mwaka 2022 kesi ikamalizwa kwa dola milioni 62. Wewe wa Kisauni usingoje korti.

*Twataka kutengeneza app yetu ya kalori, kuna pesa huko? (wanafunzi, Tudor)*

Pesa ipo, lakini msidanganywe na hesabu ya waliopakua. Under Armour, kampuni ya nguo za michezo, waliinunua MyFitnessPal, app ya kuhesabu kalori, mwaka 2015 kwa dola milioni 475, app ina mamilioni ya watu, na mwaka 2020 wakaiuza kwa milioni 345. Watu walikuwepo, ila anayehesabu tonge bure si lazima alipe, na wengi huchoka mapema. Wenye app wanalijua hilo, ndio maana mwaka 2022 MyFitnessPal ikaifungia skana ya bakodi (ile ya kusoma mistari ya pakiti ya chakula) kwa wanaolipa peke yao, na hali vyakula vingi mle ndani viliingizwa na watumiaji wenyewe kwa mikono yao bila malipo! Hilo mimi naliona dhuluma na nitalisema kila wiki. Sasa nyinyi msije mkatuletea app nyingine ya kuku wa kuchemsha na brokoli. Nendeni sokoni Mwembe Tayari hapa Mombasa na mizani, pimeni mahamri, mbaazi za nazi, viazi karai, kwa mama huyu na kwa yule, maana hayalingani. Hiyo kazi hakuna wa kuja kutufanyia.

*App yasema bakuli la wali wa nazi ni kalori 200, ni kweli? (Bamburi)*

Si kweli. Kikombe cha wali mtupu peke yake chakaribia 200, bado tui, na gramu moja ya mafuta ni kalori 9.

*Nikipiga picha sahani ya biriani AI si itahesabu yenyewe?*

Picha haioni samli.

*Wakijua uzito wangu kuna ubaya gani? (Likoni)*

Mwaka 2018 akaunti kama milioni 150 za hiyo hiyo MyFitnessPal zilidukuliwa, majina, imeili na paswadi zilizofichwa. Sheria yetu ya Kenya ya kulinda data ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti na yakupa haki ya kudai zifutwe. Dai.

*Binti yangu wa miaka 14 haweki kitu mdomoni kabla ya kukiandika kwa app, nafurahi ana nidhamu, nimlipie ya mwaka? (Majengo)*

Mama, usilipe hata shilingi. Mtoto wa umri huo bado anakua, na kuogopa chakula si nidhamu. Kaa naye leo jioni bila simu, muulize nani kamwambia mnene, na kama anaruka milo ama anajificha kula, mpeleke kwa daktari wiki hii, usingoje akonde.