Muulize Karani: "Nakala ya hukumu ya babu iko wapi?"

SWALI

Shikamoo Mzee Karani. Babu mzaa baba alikuwa fundi wa reli na mtu wa chama cha wafanyakazi. Januari 1964 askari walimfuata usiku kwenye kota za reli hapa Kigoma, akapandishwa treni na pingu mkononi. Alirudi mwaka wa tatu, na mpaka anafariki hakuwahi kutusimulia. Sasa kaka yangu amechukua fomu ya uenyekiti wa mtaa, watu wananong'ona kwamba sisi ni ukoo wa haini. Nimezunguka mahakama mbili nikiomba nakala ya hukumu ya babu niwafunge midomo, naambiwa haipo. Je, waliichoma? Shangazi anasema tuache, babu "alishasamehewa na Mwalimu". Nifanyeje?
Mjukuu wa Fundi, Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu. Nauli yako itunze kwanza. Hakuna aliyechoma kitu. Unatafuta hukumu ambayo hakuna hakimu aliyewahi kuiandika.

Kwa jinsi unavyoeleza, babu yako hakufungwa, aliwekwa kizuizini. Mtaani yote tunayaita "kuwekwa ndani", lakini sisi wa masijala tuliyatenganisha: mahabusu ana kesi inayosubiri, mfungwa ana kesi iliyokwisha, wa kizuizini hana kesi kabisa. Sheria yake ni Namba 60 ya mwaka 1962. Uangalie mwaka huo. Chama kimoja kiliingia kwenye katiba 1965, lakini ufunguo ulichongwa miaka mitatu kabla, Bunge likiwa tayari karibu lote ni la TANU. Rais akiridhika kwamba fulani ni hatari kwa amani, anatia sahihi amri, basi. Ndani ya siku 15 mtu aelezwe sababu, na iko kamati ya kupitia jambo lake, ila kamati inashauri tu, Rais halazimiki kuifuata. Kisha kile kifungu kilichotufunga mikono sisi: amri hiyo haihojiwi katika mahakama yoyote. Ndiyo maana unafunguliwa makabati na humo hamna kitu.

Tarehe uliyonitajia inasema mengi. Wanajeshi waliasi Dar es Salaam tarehe 20 Januari 1964, na kesho yake kambi ya hapa Tabora ikafuata. Makomando wa Kiingereza walipokwisha kuwanyang'anya silaha, serikali iliwageukia viongozi wa wafanyakazi, wakakamatwa 200 hivi. Shirikisho lao, TFL, likavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, chini ya kwapa la TANU. Watu wa reli walikuwa wanatazamwa kwa jicho baya tangu mgomo wao wa 1960, ule wa siku 82. Katibu wao mkuu, Christopher Kasanga Tumbo, alikuwa ameacha ubalozi wa London mwaka 1962 akaanzisha chama cha upinzani, akahamia Kenya. Baada ya maasi akakamatwa hukohuko, akarudishwa, akawekwa kizuizini. Kama mkubwa amefuatwa mpaka ng'ambo ya mpaka, fundi wa kotani angeponea wapi?

Kuhusu uhaini. Haini ni mtu aliyeshtakiwa kwa uhaini akatiwa hatiani, na hao tunao kwenye kumbukumbu. Michael Kamaliza, aliyeiongoza hiyo NUTA iliyowameza kina babu yako, naye alifikishwa mahakamani 1970 pamoja na Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha 1971, akasamehewa 1972. Mtu anaweza kuisoma hukumu hiyo leo akaipinga mstari kwa mstari. Lakini Otini na Mattiya Kambona, ndugu zake Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekimbilia ng'ambo, waliwekwa kizuizini 1967 wakatoka 1978. Zaidi ya miaka kumi, na hakuna mstari wa kupinga. Babu yako yuko kundi hilo la pili.

Ndipo neno la shangazi linaponikera, na mwambie nimemsalimu. Bibi Titi alisamehewa kwa sababu alihukumiwa. Babu alisamehewa nini? Aliachiwa. Kila mkisema "alisamehewa", mnamtia hatiani wenyewe, hapohapo barazani kwenu.

Usinidhanie mpinzani wa zamani. Kadi yangu ya TANU ninayo, na Mwalimu, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, nampenda hadi leo. Lakini nilikaa dirisha la masijala, na dirishani unaona watu usoni.

Mwaka 1974, nikiwa karani mwanafunzi katika mahakama moja ambayo sitaitaja, alikuwa akija mama mmoja kila Jumatano na kikapu cha karanga. Anaweka kikapu chini, anafuta mikono kwenye khanga, anauliza: "Faili la baba watoto limeonekana?" Nafungua rejista ya jinai, kile kitabu kikubwa chenye mgongo wa kitambaa, nateremsha kidole safu ya majina, mwaka mmoja hadi mwingine. Hakuna. Watoto aliwaambia baba amesafiri. Bosi wangu akaninong'oneza kwamba hilo silo letu, nimwambie asije tena. Nilipomwambia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi niandikie karatasi kwamba hana kesi."

Sikumwandikia. Kalamu ilikuwa mkononi, muhuri uko mezani. Niliogopa. Alibeba kikapu chake, na Jumatano iliyofuata hakuja.

Yule mama alijua sheria kuliko mimi, na ushauri wangu kwako ni wa kwake. Acha kuomba nakala ya hukumu. Andika barua kwa masijala ya mahakama, taja jina kamili la babu, omba wathibitishe kwa maandishi kwamba halimo kwenye rejista zao za jinai kuanzia Januari 1964 hadi siku aliyorudi. Watakuzungusha, maana karani hapendi kuthibitisha kitu kisichokuwapo. Wewe rudi. Halafu fungua sanduku la babu utafute karatasi za utumishi za reli, uone tarehe ya mwisho ya mshahara na tarehe ya kurejeshwa kazini, kama alirejeshwa. Amri yenyewe, kama alipewa nakala, mara nyingi wazee waliificha ndani ya Msahafu au Biblia. Ukiwa Dar es Salaam, pitia Nyaraka za Taifa na magazeti ya mwaka huo.

Umeuliza pia, kwenye kipande nilichokifupisha, kama sheria hiyo ilikufa. Mwaka 1985 ilirekebishwa, mahakama zikaruhusiwa kuigusa. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya kuuliza wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi, mwaka 1992 iliitaja kati ya sheria 40 mbaya. Ukifungua sheria zilizorekebishwa za 2002 bado unaikuta, Sura ya 361.

Barua ya masijala ukiipata, kaka yako asiitembeze kwenye kampeni kwanza. Mpelekee shangazi, umsomee polepole. Wakikataa kuiandika, nitumie jina la mahakama na tarehe uliyofika dirishani.