Kabla Hujalipa Ada ya Urubani: Maswali Yenu na Majibu Yangu

Nimerusha ndege za abiria kwa miaka mingi, na sasa kazi yangu ni kukaa kiti cha kulia na kumfundisha mwingine. Maswali yenu nayasoma yote. Safari hii nimechukua yale yanayojirudia zaidi, na machache ambayo yaliniweka macho usiku.

Kapteni, shikamoo. Nina miaka 17 na navaa miwani tangu nikiwa mdogo. Rafiki zangu wananiambia niache kujisumbua. Wana haki?

Marahaba, mwanangu. Hawana haki. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka kila jicho lifikie 6/9 (yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 9) na yote mawili kwa pamoja yafikie 6/6, kwa miwani au bila miwani. Ukifaulu kwa miwani, cheti chako kitaandikwa kwamba lazima uivae kazini na uwe na nyingine ya akiba karibu na mkono. Basi.

Jicho linaloleta matatizo zaidi ni lile lisilotofautisha rangi. Daktari anakufungulia kitabu cha kurasa zilizojaa vidoti na kukuuliza unaona namba gani. Wapo wanaokaa pale kimya, hawaoni namba yoyote, na ndiyo mara yao ya kwanza kugundua kwamba nyekundu na kijani kwao ni ndugu. Hatuwapimi kwa kuwaonea. Kando ya njia ya ndege kutua kuna taa nne: mbili nyeupe na mbili nyekundu, unashuka vizuri, nne nyeupe, uko juu mno, nne nyekundu, uko chini mno na ardhi inakuja. Usiku wa mvua, mara nyingi taa hizo ndizo rafiki yako wa mwisho.

Kwa hiyo, kabla hujalipa hata ada ya fomu, kapime cheti cha afya cha daraja la kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Daktari wa kawaida, hata awe bingwa, hawezi kukupa cheti hicho. Nakazia daraja la kwanza kwa sababu leseni ya kwanza kabisa, ile ya rubani binafsi, inakubali daraja la pili, na shule nyingine hukuacha uanze hivyo. Nilikuwa na mwanafunzi mwenye mkono mzuri sana, aliyeanza kwa daraja la pili, akamaliza leseni yake ya kwanza, na ndipo mchoro wa moyo, ambao kwa umri wake daraja la pili halikuudai, ukaonyesha tatizo. Pesa ya familia ilikuwa imekwisha. Kipimo cha asubuhi moja kingemwokoa.

Sikupata alama nzuri za hisabati na fizikia. Niachane nayo?

Usiachane nayo, ila kaa chini urudie. Hesabu yenyewe ni nyepesi; ugumu ni kuifanya kichwani huku mikono ina kazi na redio inaongea. Nikupe moja tunayoitumia kila siku. Uko futi 35,000, unatakiwa kufika futi 5,000. Una futi 30,000 za kupoteza. Chukua 30, zidisha kwa 3: unapata 90. Basi anza kushuka ukiwa umebakiza kama maili 90 za baharini, uongeze chache za kupunguzia mwendo. Kompyuta ya ndege inaifanya hesabu hiyo vizuri kuliko mimi, lakini siku ikikosea, rubani asiyekuwa na jibu lake kichwani hatajua kwamba imekosea.

Ukiweza hilo, unaweza. Fizikia ya bawa tutakufundisha.

Rubani mmoja ameniambia saa 200 zinatosha, mwingine akasema 1,500. Nani mkweli, mwalimu?

Wote wawili, kila mmoja anazungumzia leseni yake. Nieleze taratibu, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotezwa.

Unaanza na leseni ya rubani binafsi. Umri ni miaka 17, na kwa kiwango cha ICAO unahitaji saa 40 za kuruka, au 35 ukiwa ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Hiyo haikuruhusu kulipwa hata senti. Inayofuata ni leseni ya biashara, CPL: umri miaka 18, saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Ndani ya saa hizo lazima iwemo safari moja ya angalau kilomita 540, ukiwa wewe ndiye mwenye dhamana ya ndege, na utue viwanja viwili tofauti njiani. Marekani wao mara nyingi hudai saa 250. Juu ya hapo unaongeza idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege ndani ya mawingu bila kuona nje, na idhini ya ndege ya injini zaidi ya moja. Mwenye hivyo vyote, akiwa pia amefaulu mitihani ya nadharia ya ngazi ya juu (Ulaya ni mitihani 13), anaweza kuajiriwa na shirika la ndege kama rubani msaidizi. Huyo ndiye rubani wako wa saa 200.

Leseni ya juu kabisa ni ATPL. Inataka miaka 21 na saa 1,500, na ndiyo anayopaswa kuwa nayo kapteni wa ndege kubwa ya abiria. Marekani wameenda mbali zaidi: tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anadaiwa leseni ya ngazi hiyo, ambayo kwa kawaida ni saa 1,500, ingawa wanajeshi na wahitimu wa vyuo fulani hupunguziwa. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya Februari 2009 karibu na Buffalo, ndege iliyopoteza mwendo ikiwa karibu kutua. Marubani wake wote wawili walikuwa na zaidi ya saa 1,500 siku ile. Nalisema hili kwa wanafunzi wangu kila mwaka. Saa ni muhimu, lakini kitabu chako cha saa hakisemi ulikuwa unajifunza nini zilipokuwa zinapita.

Ipo na njia ya tatu, leseni ya MPL iliyoanzishwa na ICAO mwaka 2006: angalau saa 240, nyingi zikiwa kwenye mashine ya kuigiza urukaji, na unafunzwa tangu mwanzo kama rubani msaidizi wa ndege ya abiria. Ni nzuri ikiwa tayari kuna shirika linalokusubiri. Kama hakuna, ichukulie kwa tahadhari, maana haikufungulii milango mingine kirahisi.

Na hata ukiajiriwa, bado. Utasomea aina ya ndege utakayorusha, wiki kadhaa za darasani na kwenye mashine, kisha uruke na abiria chini ya jicho la kapteni mkufunzi. Baada ya hapo utapimwa upya karibu kila miezi 6, mpaka ustaafu. Asiyependa mitihani asije.

Shule imenitaka nilipe ada yote kwanza, na nikilipa mapema wananipunguzia. Wazazi wako tayari kuuza shamba. Unanishauri nini?

Nakuomba, waambie wazazi wasubiri.

Shule yangu ya kwanza ilinitoza yote mkononi, na ilikuwa akiba ya mama. Walikuwa na ndege tatu uwanjani. Moja ndiyo iliyokuwa inaruka, mbili zilikuwa zinasubiri vipuri. Nilikuwa nakaa kibarazani tangu alfajiri nikingoja zamu, jioni narudi bila kuruka. Siku moja tulikuta geti lina kufuli. Sikupata kitu. Ilinichukua miaka mitatu kurudi kwenye kiti, na mama hakuwahi kunilaumu, jambo ambalo lilikuwa zito zaidi kulibeba.

Kwa hiyo lipa kadiri unavyoruka, kwa mafungu madogo, na risiti ya kila fungu. Kabla ya hapo nenda mwenyewe ukahesabu. Ndege ngapi ziko kwenye lami na ngapi zinaruka leo? Wanafunzi wangapi kwa kila mkufunzi? Zungumza na waliomaliza karibuni, mbali na ofisi, uwaulize kozi iliwachukua muda gani kweli. Uliza bei iliyotajwa inajumuisha nini: mitihani, mtahini, ada za kutua, ndege ya siku ya mtihani, saa za kurudia. Saa 40 za leseni ya kwanza ni kima cha chini, na wanafunzi wengi huzipita, hivyo bajeti isiyo na nafasi ya saa za ziada itakukwamisha katikati. Na angalia mamlaka inayotoa leseni yao. Ukitaka kufanya kazi chini ya mamlaka nyingine utahitaji kuibadilisha, na wakati mwingine kubadilisha maana yake ni kurudia mitihani yote.

Shule nzuri haitachukizwa na maswali haya. Ikichukizwa, umeshajibiwa.

Mwalimu, binti yangu anataka urubani. Ndugu wananiuliza kwa nini namruhusu. Mimi mwenyewe nina hofu. (Mama wa msomaji)

Mama, hofu yako naielewa, na wala sitaibeza. Ila ndege haijui nani ameshika usukani. Mtihani ni uleule, kipimo cha afya ni kilekile.

Mwambie binti habari za Bessie Coleman. Shule za Marekani zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke na ni mweusi; akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, akapata leseni yake Ufaransa mwaka 1921. Na amsome Emily Howell Warner, aliyekuwa mkufunzi kwa miaka akiwaona wanaume aliowafundisha wanaajiriwa na mashirika ya ndege huku yeye akiachwa. Aliajiriwa na shirika la ndege la Frontier mwaka 1973, na 1976 akawa kapteni.

Nikueleze pia kitakachomchosha: kuamka saa nane usiku, kulala hotelini siku ya sikukuu, na abiria watakaomkabidhi mkoba wakidhani ni mhudumu. Ukimwunga mkono wewe, ya ndugu yatapita.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Kitanizuia?

Kwa safari za kimataifa, ndiyo, mpaka ukirekebishe. ICAO ina ngazi 6 za lugha, na unatakiwa angalau ya 4, inayopimwa upya kila miaka 3. Lafudhi yako haina neno, mradi ueleweke.

Tarehe 27 Machi 1977, katika kiwanja cha Tenerife, kisiwa cha Hispania, ukungu ukiwa mzito, kapteni mmoja alianza kupaa bila ruhusa, huku ndege nyingine ikiwa bado kwenye njia ileile. Rubani msaidizi wake alitamka redioni sentensi isiyo ya kawaida, kwamba sasa wako kwenye kupaa. Mnara wa kuongozea ndege ukaelewa kwamba wako tayari wanangoja. Sauti mbili zikagongana redioni, ujumbe wa kuwaonya ukafunikwa na mlio. Ndani ya chumba cha marubani fundi wa ndege aliuliza kama ndege ile nyingine imeshaondoka njiani, akajibiwa kwa uhakika kwamba imeondoka. Ndege mbili zikagongana, watu 583 wakafariki. Tangu hapo neno la kupaa halitamkwi redioni isipokuwa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Na kuanzia hapo tukaanza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Ukiwa rubani msaidizi na huna uhakika, sema. Kwa lugha yoyote mtakayoelewana, sema.

Nina miaka 38. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila piga hesabu. ICAO inafunga mlango wa ndege za abiria za marubani wawili kwenye miaka 65. Ukianza leo ukamaliza na 41, una zaidi ya miaka 20 ya kazi. Swali la kweli ni nani atalisha nyumba wakati unasoma.

Ndege ikipigwa na msukosuko wa hewa natetemeka. Naweza kuwa rubani?

Inawezekana kabisa. Abiria anaogopa kwa sababu haoni mbele na hana la kufanya. Omba safari moja ya majaribio kwenye ndege ndogo, kiti cha mbele, ushike usukani. Ukishuka na tabasamu, endelea. Ukishuka na ahueni tu, umejijua kwa gharama ndogo.

Nimewahi kutibiwa sonona na bado natumia dawa. Nikimwambia daktari wa anga nitakataliwa, nisipomwambia nitapita. Nifanye nini?

Ndugu yangu, mwambie. Najua ni swali gumu, na nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote.

Zamani dawa hizo zilikuwa mwisho wa safari karibu kila mahali. Siku hizi mlango umefunguka kidogo: mamlaka ya Marekani, FAA, ilianza mwaka 2010 kuruhusu dawa nne za sonona kwa masharti, baada ya kipindi cha uangalizi. Inachukua muda na makaratasi mengi, na wapo wanaokataliwa, siwezi kukuahidi. Lakini kuficha ni kosa litakalokufuata, siku yoyote litakapojulikana utapoteza leseni yote. Baya zaidi ni kwamba utaogopa kutafuta msaada wakati unauhitaji kweli, na nyuma yako kuna watu wamefunga mikanda. Usiache dawa ili upite kipimo. Zungumza kwanza na daktari anayekutibu, kisha na daktari wa anga, kabla ya kulipa popote.

Siku ya kuruka peke yako mara ya kwanza ikoje?

Huambiwi mapema. Mmetua mara tatu nne, mkufunzi anakwambia usimame pembeni. Anafungua mlango injini ikinguruma, anafunga mkanda wa kiti chake ili usije ukanasa usukani, anakwambia zunguka mara moja utue. Anashuka.

Kwenye kupaa utashtuka: ndege inanyanyuka mapema kuliko ulivyozoea na kupanda haraka, kwa sababu uzito wa mtu mmoja haumo. Utageuka kulia kumwambia mwalimu, na kiti ni kitupu.

Mimi huku chini huwa nimesimama kwenye nyasi na redio ndogo mkononi. Ninaangalia pua ya ndege ikija, nahesabu mwendo kwa macho, na sisemi neno mpaka magurudumu yaguse.