Kabla ya kununua uwanja wa trela Marekani, uliza habari za mabomba

Tangu mimi na shemeji zangu tununue uwanja wa nyumba za trela nje kidogo ya Dallas, napigiwa simu na ndugu wa Houston, Columbus mpaka Minneapolis, na karibu wote huanza na bei. Ndugu zangu, bei iacheni kwanza. Ulizeni maji yanatoka wapi na maji machafu yanakwenda wapi.

Katika uwanja wa namna hii, mara nyingi mpangaji ndiye mwenye nyumba, ile iliyotengenezwa kiwandani na kuvutwa kwa lori. Wewe unamkodisha kipande cha ardhi, barabara ya ndani na bomba. Paa lake likivuja, ni shauri lake. Bomba kuu likipasuka, ni lako. Viwanja vingi vilijengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, na baadhi bado vina mabomba ya wakati ule. Udongo wa mfinyanzi wa huku kaskazini mwa Texas huvimba mvua ikinyesha na husinyaa ukame ukija, mabomba yanasukumwa huku na huku mpaka yanaachia. Wenyeji hawajasahau baridi ya Februari 2021, mabomba yalivyopasuka jimbo zima.

Kwa hiyo mlipe fundi bomba aingize kamera kwenye njia ya maji taka, mwanzo hadi mwisho, kabla hujaweka saini. Omba pia bili za maji za mwaka mzima. Kama kila trela ina mita yake, jumlisha mita zote ulinganishe na bili ya mji. Tofauti ikiwa kubwa, maji yanapotelea ardhini na wewe ndiye utakayeyalipia. Kukiwa na kisima, jua kwamba kikihudumia nyumba 15, au watu 25 kwa siku 60 za mwaka, sheria ya shirikisho inakihesabu kuwa huduma ya maji ya umma: kuna vipimo vya maabara, kuna ripoti, kuna faini. Uwanja wenye bwawa lake la maji taka mimi siugusi, hata uwe rahisi vipi.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa uwanja wenye nafasi 40, kodi dola 300 kwa mwezi. Dalali atakuandikia mapato ya dola 144,000 kwa mwaka, matumizi asilimia 30, faida dola 100,800. Mnunuzi anayetaka faida ya mwaka iwe asilimia 8 ya bei ataambiwa bei ni dola 1,260,000. Nenda mwenyewe jioni, watu wakiwa wamerudi kutoka kazini, uhesabu taa. Ukikuta nafasi 32 tu zina watu wanaolipa, mapato ni dola 115,200. Weka matumizi asilimia 40, ambayo ni busara kwa uwanja mkongwe, faida inashuka hadi dola 69,120, na bei ya haki ni dola 864,000. Karibu dola laki nne zilikuwa za karatasi tu. Daftari la kodi la muuzaji usiliamini peke yake. Taka taarifa zake za benki.

Angalia pia trela ambazo ni mali ya muuzaji. Yeye huchanganya kodi ya nyumba na kodi ya ardhi ili uwanja uonekane una faida nene. Zitenganishe. Trela iliyotengenezwa kabla ya 15 Juni 1976, siku viwango vya shirikisho vilipoanza kutumika, ni shida kuipatia mkopo au bima.

Na zile nafasi 8 tupu? Ndani ya mipaka ya mji, huenda uwanja unavumiliwa tu kwa sababu ulikuwepo kabla ya sheria za matumizi ya ardhi, na trela ikiondoka hairuhusiwi kurudishwa nyingine. Pata barua ya mji inayosema wazi. Tazama na ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la serikali ya shirikisho linaloshughulikia maafa. Kodi ya ardhi utakayoilipa wewe kwa serikali nayo uikadirie kwa bei utakayonunulia wewe, maana Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na kaunti hutegemea sana kodi hiyo.

Kuna jambo moja nalishikilia sana. Kuhamisha trela hugharimu maelfu ya dola, na nyingine zimechakaa, hazivumilii safari. Mpangaji hana pa kwenda, na makampuni makubwa yanalijua hilo. Kama hesabu yako inakubali tu endapo utampandishia kodi mama mzee anayeishi kwa pensheni, basi bei ni mbaya, iache. Sisi tulikataa uwanja mzuri kwa sababu hiyo, na nafsi yangu imetulia.

Kabla pesa hazijatoka, kila mpangaji asaini karatasi inayoeleza analipa kiasi gani, trela ni ya nani, na aliweka amana ya dola ngapi kwa mwenye uwanja wa sasa. Amana hizo mkabidhiwe siku ile ile ya mauzo, kwa sababu mpangaji akihama, atakuja kuzidai kwako.