Kabla ya kuchora mpaka wa msitu wa shehia

Wewe unayeanza kazi ya misitu ya jamii Unguja au Pemba, isome vizuri Sheria Namba 10 ya 1996, sheria ya misitu ya Zanzibar. Ndiyo inayowapa wanakijiji nafasi ya kufunga mkataba na serikali na kuusimamia msitu wao wenyewe. Nani hasa anayeamua, hilo utalijua huko huko shehiani, ngazi ya chini kabisa ya utawala Zanzibar.

Pita kwanza kwa sheha, mkuu wa shehia. Bila yeye hakuna kikao. Lakini sheha ni mteule wa serikali, na kukubali kwake si kukubali kwa shehia nzima. Kamati ya hifadhi nayo aghalabu hushikwa na wenye kauli barazani. Mkata kuni, mchoma mkaa, mchoma chokaa, mama anayeuza mzigo wa kuni apate unga wa jioni: hawa kikaoni hawaonekani, na wakija hukaa nyuma, kimya. Nao ndio wenye mashoka. Wafuate kabla hujagusa ramani. Waulize wanakata wapi, msimu gani, na pakifungwa hapo watakwenda wapi. Swali hili la mwisho usiliache bila jibu. Kusini na mashariki ya Unguja ardhi kubwa ni ya maweni, udongo haba, na asiyeweza kuishi kwa jembe huishi kwa kuni. Ukifunga upande mmoja, shoka linahamia upande wa pili, au kwa jirani.

Kwa hiyo mpaka utembeeni kwa miguu, pamoja na wazee wa shehia jirani. Watu wanaujua kwa pango, kisima, mti mkubwa, mwisho wa shamba la fulani. Wakibishana palepale kichakani, waache wabishane hata jua lichwe. Ubishi ulioisha porini haurudi na panga.

Mapato nayo yana ugomvi wake. Vijiji vya jirani na msitu wa hifadhi wa Jozani, Unguja, hupata fungu la viingilio vya watalii wanaokuja kuona kima punju, na mimi nashikilia kwamba hesabu ya fedha za aina hii isomwe hadharani, si kwa kamati peke yake.

Na siku ya kikao usiipange kwa kalenda ya ofisi. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakitoka wanawake wako pwani kwenye mwani na chaza. Waulize wao saa gani watakuwa wamerudi, ndipo umwambie sheha atangaze.