Maswali na majibu: kusoma matokeo ya mwanzo ya Michigan, 1879 hadi 1905

Barua nyingi za safari hii zinahusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan, kule Ann Arbor, na jinsi matokeo yake ya zamani yanavyomchanganya mtu aliyekulia kwenye soka. Tuelewane kwanza kwa maneno. Tachidauni ni kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli la wapinzani. Teke la nyongeza ni lile linalopigwa baada ya tachidauni. Goli la teke ni mpira unaopigwa wakati wa mchezo ukapita kati ya nguzo, juu ya mtambaa panya. Sefti ni pale mchezaji anapoangushwa na mpira nyuma ya mstari wa goli lake mwenyewe.

Msimu wa 1903 umeandikwa 11-0-1. Kwa hesabu yangu hiyo ni kushinda 11, sare 0, kupoteza 1. Mbona maelezo yanasema timu haikufungwa?

Sisi kwenye soka tunaweka sare katikati. Wamarekani wanaiweka mwisho: kushinda, kupoteza, sare. Kwa hiyo 11-0-1 ni ushindi mara 11, hakuna kupoteza, sare moja. Hilo likishaingia kichwani, nusu ya utata inaondoka.

Sare yenyewe ni ya 6-6 na Minnesota, Minneapolis, tarehe 31 Oktoba 1903. Michigan walitangulia, Minnesota wakasawazisha dakika za mwisho, mashabiki wakafurika uwanjani, na mchezo ukaishia hapo. Michigan waliondoka wakasahau jagi lao la maji, jagi la senti 30. Mpaka leo timu hizi mbili zinaligombea jagi hilo kama kombe. Sare zenyewe hazipo tena: tangu msimu wa 1996 mchezo unaongezwa muda mpaka mshindi apatikane, ndiyo maana rekodi za siku hizi zina namba mbili tu.

Mechi ya kwanza kabisa inasomeka Michigan 1, Racine 0. Mchezo ambao tachidauni ni pointi 6 unaishaje 1-0?

Swali zuri kuliko yote, na jibu lake ndilo ufunguo wa majedwali yote ya zamani: namba haina maana mpaka ujue mwaka wake ulikuwa na sheria gani.

Mechi hiyo ilichezwa tarehe 30 Mei 1879 jijini Chicago, dhidi ya Chuo cha Racine. Wakati huo pointi hazikuwepo. Mchezo ulikuwa bado raga kwa kiasi kikubwa, na kilichohesabiwa kwanza ni magoli. Irving Kane Pond aliipatia Michigan tachidauni yake ya kwanza katika historia, na nahodha David DeTarr akapiga goli. Hiyo 1 unayoiona ni goli moja, si pointi moja. Mechi ya pili ya mwaka huo, tarehe 1 Novemba mjini Detroit dhidi ya Toronto, iliisha 0-0. Msimu mzima ukawa 1-0-1.

Pointi zilianza mwaka 1883. Sefti ilikuwa 1, tachidauni 2, teke la nyongeza 4, goli la teke 5. Tazama hapo: teke lilikuwa na thamani mara mbili ya tachidauni, kwa kuwa kupiga magoli ndiko kulikokuwa roho ya mchezo. Haukupita mwaka wakaigeuza hesabu. Kuanzia 1884 tachidauni ni 4, teke la nyongeza 2, sefti 2. Kufikia 1898 tachidauni imekuwa 5 na teke la nyongeza 1. Goli la teke likashushwa hadi 4 mwaka 1904, kisha 3 mwaka 1909. Tachidauni ikafika 6 mwaka 1912, na hapo ndipo ilipo mpaka leo.

Nakili aya hiyo pembeni ya daftari lako. Bila hiyo utakosea. Chukua mechi ya tarehe 23 Novemba 1887, Michigan 8, Notre Dame 0. Msomaji wa leo ataona tachidauni moja ya 6 na nyongeza ya 2. Kwa sheria za 1887, 8 inaweza kuwa tachidauni mbili zisizo na teke, au tachidauni moja yenye teke pamoja na sefti moja. Namba peke yake haikuambii ni ipi. (Hiyo ndiyo mechi ya kwanza ya Notre Dame katika maisha yao. Vijana wa Michigan walipofika, walianza kwa kuwaelekeza wenyeji mchezo unavyochezwa, wakachanganya timu, ndipo wakapambana nao.)

Kwa hiyo Michigan ndio walioanzisha mchezo?

Hapana. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo ilichezwa New Brunswick, New Jersey, tarehe 6 Novemba 1869: Rutgers 6, Princeton 4. Kila upande ulikuwa na watu 25, na hakuna aliyeruhusiwa kuubeba mpira wala kuurusha. Ungekuwepo ungeona kitu kilicho karibu na soka kuliko futiboli ya sasa. Wiki moja baadaye Princeton wakalipa kisasi 8-0, na msimu wa timu zote mbili ukaishia 1-1.

Mwaka 1881 Michigan walicheza mechi tatu tu na kupoteza zote. Mwaka 1882 hawana mechi. Timu ilivunjika?

Haikuvunjika. Shida ilikuwa kupata mpinzani. Mwaka 1880 msimu wao wote ulikuwa mechi moja, dhidi ya Toronto, wakashinda. Mwaka 1881 wakaamua kusafiri hadi pwani ya mashariki, kwenye vyuo vilivyokuwa vinara wa mchezo, na wakacheza mechi tatu ndani ya siku tano: Harvard tarehe 31 Oktoba, Yale tarehe 2 Novemba, Princeton tarehe 4 Novemba. Majedwali ya sasa yanaandika 0-4, 0-11 na 4-13. Kumbuka pointi zilikuwa bado kuzaliwa, kwa hiyo hapo unasoma magoli na tachidauni zilizogeuzwa kuwa pointi. Usizilinganishe na 0-4 ya mwaka 1890.

Kocha pia hakuwepo. Nahodha ndiye aliyepanga timu na kufundisha. Makocha wa kwanza wa Michigan, Frank Crawford na Mike Murphy, walikuja mwaka 1891.

Naishi Grand Rapids. Mwanangu anayesoma Ann Arbor ananiambia kuna mwaka walifunga 550 bila kufungwa hata pointi moja. Sitaki kumvunjia heshima, lakini naona kama anatia chumvi.

Mzazi, mwanao hajaongeza hata chembe. Ni msimu wa 1901, wa kwanza chini ya kocha Fielding Yost: mechi 11, ushindi 11, pointi 550 kwa 0. Haya hapa kwa mpangilio: Albion 50, Case 57, Indiana 33, Northwestern 29, Buffalo 128, Carlisle 22, Ohio State 21, Chicago 22, Beloit 89, Iowa 50, Stanford 49.

Hiyo ya Stanford ndiyo ya kuitazama kwa karibu. Ilichezwa Pasadena, California, tarehe 1 Januari 1902, na ndiyo mechi ya kwanza ya ile michuano ya Mwaka Mpya inayoitwa Rose Bowl. Michigan walifunga tachidauni 8, tano zikiwa za Neil Snow peke yake. Walifanikiwa mateke manne ya nyongeza na goli moja la teke. Sasa piga hesabu kwa sheria za mwaka ule: tachidauni 8 mara 5 ni 40, mateke 4 ni 4, goli la teke 5. Jumla 49. Mchezo uleule kwa sheria za leo: 48, jumlisha 4, jumlisha 3, unapata 55. Stanford waliomba mchezo usimamishwe zikiwa zimebaki dakika 8, na Michigan walimaliza na wachezaji walewale 11 waliouanza. Yost mwenyewe alikuwa kocha wa Stanford mwaka mmoja tu kabla, 1900. Waandaaji wa sherehe hizo za Mwaka Mpya hawakurudisha futiboli Pasadena mpaka 1916.

Pointi nyingi namna hiyo zilitoka wapi? Kwanza ni kasi. Yost aliwazoesha vijana wake wasipumzike kati ya mchezo na mchezo: wapinzani bado wanajiinua kutoka chini, ishara ya mchezo unaofuata imeshatolewa. Pili ni sheria. Timu ilikuwa na majaribio matatu ya kusogea yadi 5 tu, na kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku, kwa hiyo timu yenye nguvu na pumzi ilikuwa inasogea tu, kidogo kidogo, mpaka mlangoni. Tatu ni wapinzani wenyewe. Kati ya Chicago iliyofungwa 22 na Buffalo iliyofungwa 128 kuna tofauti kubwa ya uwezo, na ratiba za siku hizo ziliwachanganya wote kapu moja.

Mwaka 1902 wakafunga 644 kwa 12, mwaka 1903 wakafunga 565 kwa 6, mwaka 1904 wakafunga 567 kwa 22, mwaka 1905 wakafunga 495 kwa 2. Misimu mitano, mechi 57: ushindi 55, sare 1, kupoteza 1. Jumla ni pointi 2821 kwa 42, wastani wa karibu 49 na nusu kwa mechi.

Hiyo moja waliyopoteza imeandikwa Chicago 2, Michigan 0. Inawezekanaje?

Ni sefti, na inauma hata kuisimulia. Tarehe 30 Novemba 1905, Chicago, siku ya Shukrani. Michigan wanaingia na mechi 56 bila kupoteza, na msimu ule walikuwa hawajaruhusu hata pointi moja. Timu zimebanana 0-0. Walter Eckersall wa Chicago anapiga mpira mrefu, unamfikia Denny Clark wa Michigan nyuma ya mstari wa goli lake. Angebaki pale pale, hakuna pointi. Akaamua kukimbia nao. Akavuka mstari, akatoka mbele, ndipo wachezaji wa Chicago, akiwemo nahodha Mark Catlin, wakamvaa na kumsukuma kinyumenyume mpaka ng'ambo ya mstari uleule. Sefti. Pointi 2, na mechi ikaisha hivyo.

Kwa sheria ya leo mpira ungewekwa pale alipofikia mbele kabisa kabla ya kurudishwa, na 2-0 isingekuwepo. Tusiseme Clark alifanya uzembe. Alijaribu kuitoa timu yake kwenye kona, na sheria ya siku ile ndiyo iliyomhukumu.

Mwaka uliofuata mchezo ukabadilika sana, kwa sababu ya majeraha na vifo vilivyokuwa vinatokea viwanjani. Kuanzia 1906 kurusha mpira mbele kukaruhusiwa, yadi za kusogea zikawa 10 badala ya 5, na muda ukapungua kutoka dakika 70 hadi 60. Ndiyo maana tunashauri usiweke misimu ya kabla na baada ya 1906 kwenye wastani mmoja.

Mwaka 1887 Michigan waliifunga Harvard 26-0. Mbona ushindi mkubwa hivyo hausemwi popote?

Kwa sababu si Harvard ile. Ni shule ya Chicago iliyokuwa na jina hilohilo. Mtego huu umewanasa wengi. Notre Dame nao wana ushindi wa 20-0 mwaka 1888 dhidi ya shule hiyohiyo. Ukiona jina kubwa limefungwa kirahisi kabla ya 1900, angalia mji kwanza.

Nataka kutengeneza jedwali langu la misimu ya mwanzo. Nianzie wapi nisiharibu?

Anza na safu saba: tarehe, mahali, mpinzani kwa jina kamili, aina ya mpinzani (chuo, shule au klabu), matokeo kama yalivyoandikwa, sheria ya pointi ya mwaka huo, na urefu wa vipindi. Hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ni muhimu: kuanzia 1894 mechi kamili ilikuwa vipindi viwili vya dakika 35, lakini manahodha na makocha mara nyingi walikubaliana kufupisha, hasa mpinzani akiwa dhaifu.

Matokeo ya asili usiyafute hata kidogo. Ukitaka kuyageuza kwa sheria za leo, ongeza safu ya nane, na uijaze pale tu unapojua idadi ya tachidauni, mateke na sefti. Usipojua, iache wazi. Kukisia kutoka kwenye jumla ndiko kunakozaa makosa ambayo wengine watayanakili baada yako.

Mahali nako kuwe na uangalifu. Mwaka 1901 Michigan walicheza na Carlisle mjini Detroit na Iowa jijini Chicago, kwa hiyo hizo si mechi za nyumbani wala za ugenini.

Halafu kuna suala la mwaka. Mechi mbili na Notre Dame za Aprili 1888, 26-6 na 10-4, zinaingia msimu wa 1888 ingawa zilichezwa masika. Kinyume chake, mechi ya Stanford ya Januari 1902 ni ya msimu wa 1901. Haya si mambo madogo: Michigan walipoifunga Maryland 31-24 tarehe 18 Novemba 2023 na kuwa timu ya kwanza ya chuo kufikisha ushindi 1000, hesabu ilianzia kwa Racine mwaka 1879, na kila mechi iliyopotea njiani ingesogeza siku hiyo.

Mwisho wa kila msimu jumlisha pointi zote na ulinganishe na jumla inayojulikana. Kwa 1901 lazima upate 550. Ukipata 501, umeisahau Pasadena.