Muulize aliyehama

Mwanangu Bahati,

Sauti uliyotutumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa nimebana simu dirishani, maana mtandao wa huku unaujua. Umeuliza jambo moja tu: uchukue ile studio ya chumba kimoja ya Anderlecht, hapo Brussels, ukae peke yako, au ubaki hapo Schaerbeek na wale vijana watatu wa Bukavu, ambako unalipa kidogo lakini mkataba una jina la mmoja wao tu. Na umeeleza vizuri. Studio wanataka garanti, ile amana ya kodi ya miezi miwili, hela inakaa benki kwenye akaunti iliyofungwa kwa jina lako, mwenye nyumba haigusi, na wewe huigusi, mpaka mkubaliane wote wawili au jaji aamue.

Papa yako alikuwa anakula. Aliposikia hapo akasimamisha mkono na tonge lake la bukari hewani. "Garanti ambayo mwenye nyumba haili?" Ikabidi nirudishe asikie tena. Huku Kongo sheria ya 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu, na bado kuna watu pale Himbi wanakuomba sita bila aibu, na komisioneri, yule dalali, anataka chake juu.

Nitakujibu, mwanangu. Ila na mimi nina swali langu kwanza. Aliyekuwa anakaa kwenye hiyo studio kabla yako alihamia wapi, na kwa nini?

Usicheke. Najua wewe na Furaha mnasema mama ana wimbo mmoja. Ndiyo, ninao. Habari za nyumba usimuulize mwenye nyumba, muulize aliyehama. Mwenye nyumba anauza, komisioneri anauza, jirani anaogopa kugombana. Aliyehama hana cha kuuza.

Ule mlango wa jikoni unaujua, umeupiga mateke utoto wako wote. Sidhani kama tuliwahi kukuambia ulikotoka. Papa yako hapendi iongelewe, na hata sasa hajui ninaandika nini, anadhani nakupa hesabu ya mahari ya binamu yako.

Alhamisi ile ya tarehe 17 Januari 2002 ulikuwa na miaka minne. Ya mlima Nyiragongo kulipuka sirudii, kila mtu Goma ana yake na zote mmeshazisikia. Tulirudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, siku ya tatu, wewe mabegani kwa papa yako, na parseli yetu, kiwanja chetu cha Birere, ilikuwa jiwe jeusi bado linatoa mvuke. Tukapata nyumba ya mbao Ndosho, vyumba viwili, dola 15 kwa mwezi, garanti miezi mitatu. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane. Jina lake silitaji, watoto wake tunasalimiana. Papa yako alikuwa ameokoa msumeno, randa na nyundo mbili, basi. Hatukuuliza chochote. Nani angeuliza mwezi ule? Ulipewa paa, ulishukuru.

Nyumba haikuwa na choo. Tulikuwa tunakwenda kwa jirani, na jirani hata awe mwema namna gani, kuna saa za usiku humgongei. Yule mama akasema: "Seremala, chimba choo, tutakata kwenye kodi." Wewe uliyezaliwa huku unajua maana ya kuchimba choo Goma. Ndosho nako chini ni mwamba wa lava ya zamani. Papa yako na vijana wawili, mtalimbo na nyundo kubwa, siku 19, mita mbili tu. Jiwe linaruka kama sindano. Mimi nilikuwa nabeba vipande kwenye beseni, nawe unanifuata na kimoja kimoja mkononi, unavipanga mlangoni unasema ni ng'ombe. Gharama ikafika dola 60, yaani kodi ya miezi minne.

Akatengeneza na mlango. Mbao mpya, aliziranda mpaka ukipitisha kiganja hausikii kitu. Mlango wa choo, Bahati! Nilimwambia hata wa chumba chetu haujawa hivyo. Halafu upande wa ndani, kwa ile penseli yake ya useremala, akaandika: *Choo, dola 60. Miezi 4. Tumekubaliana.* Chini yake mistari minne ya kufuta mmoja mmoja kila mwisho wa mwezi. Yule mama aliuona, akacheka: "Wewe hata mlangoni unaandika!" Papa yako akaona sasa imekwisha, kila mtu ameona, karatasi ya nini tena.

Mistari miwili ilifutwa. Mwezi wa tatu tukaambiwa kuna mpwa wake anatoka Masisi, tumwachie nyumba kabla ya mwisho wa mwezi. Garanti je? Imekwenda kwenye mabati. Mabati gani, mvua si bado inatunyeshea? Na choo je? Papa yako akamshika mkono kwa heshima, akampeleka akamwonyesha maandishi. Yule mama akasoma taratibu, midomo ikitembea, kisha akasema: "Mlango uko kwenye parseli yangu. Unanisemea mimi."

Usiku ule papa yako hakulala. Kwanza alikusanya mawe, akasimama juu ya shimo, alitaka kulijaza. Nilimshika shati. Nilimwambia hao watoto wa Masisi hawajatukosea kitu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Kuna siku nafua nguo peke yangu najisemea ningemwacha alijaze. Akatupa mawe, akaingia ndani, akarudi na bisibisi. Asubuhi vyombo vyetu vilienda kwa kichwa, na mlango ukaenda kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, Ndosho mpaka Katindo, papa yako mwenyewe akisukuma. Njiani watu wakimwona mtu na mlango mmoja tu juu ya chukudu, katika mji ulioungua, walidhani ni kitu pekee alichookoa kwenye moto. Wakawa wanampa pole. Akawa anazipokea, "asante, ndugu, asante, mama," mpaka Katindo.

Ndio huo mlango. Nje umepakwa rangi mara nne, ndani amekataa usiguswe. Ukija, angalia chini ya ile ndoano ya vikombe. Mistari miwili bado haijafutwa.

Sasa sikia mwisho wake. Kama miezi mitano baadaye niko soko la Virunga napima vidagaa vya sambaza, mama mmoja pembeni yangu ananiambia sura yangu si ngeni, nimewahi kukaa Ndosho? Tukatajiana avenyu, tukatajiana nyumba. Kumbe ndiye aliyekaa kabla yetu. Akaniuliza: "Mimi nilimwachia jiko. Aliyekuwepo kabla yangu alimwachia ua wa mawe. Nyie mmeacha nini?"

Nikamwambia choo.

Tulicheka, Bahati, tulicheka mpaka mwenye sambaza akauliza kama tunanunua au tumekuja kufanya nini. Kwenye jiko la yule mama nilikuwa nimepika miezi mitatu, nimefuta masizi yake ukutani, na alikuwa anakaa mwendo wa dakika 20 kutoka kwetu. Neno moja tu kutoka kwake na papa yako asingechimba. Kwa hiyo wimbo wangu uacheni.

Lakini mwenye nyumba yule naye alikuwa mjane, na mwezi ule kila kitu kilikuwa kimevurugika. Na mpwa alikuja kweli, nilimwona na mke na vitoto, wamechakaa kuliko sisi. Papa yako anasema mtu akifanya jambo mara tatu hiyo ni biashara. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka tulipojenga vile vyumba viwili vya nyuma.

Unamjua mwalimu, lokateri wetu, mpangaji wa huko nyuma. Mwezi wa nane alikuja kuniomba aweke simenti kwenye sakafu ya chumba chake, mtoto anakohoa na vumbi la mlima. Nikamjibu, na hapo nilikuwa nachambua majani ya sombe wala sikuinua kichwa: "Weka tu, tutakata kwenye kodi." Neno lilipotoka nikasikia sauti siyo yangu. Ameshaiweka. Nzuri, ameipiga mpaka inang'aa. Na toka benki za Goma zilipofungwa Januari 2025 kodi yake inakuja kwa vipande, akilipa nusu sijui kama nusu nyingine ndiyo simenti au ni deni. Namwogopa kumuuliza. Yeye naye ananiogopa. Siwezi kusema mimi si mtu mbaya bila kuanza kumwelewa yule mama, na sitaki kumwelewa.

Basi, ya kwako. Ile karatasi ya hali ya nyumba uliyosema mtaandika pamoja na mwenye studio kabla ya mwezi wa kwanza kwisha, iandike kama papa yako anavyoranda. Kila msumari. Umesema kuna doa jeusi juu ya dirisha, na umesema hivihivi kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hilo ni unyevu. Lipige picha, liingie kwenye karatasi, mwenyewe atie sahihi, vinginevyo siku ya kutoka litakuwa lako. Na aliyehama ndiye atakayekuambia kama Januari alikuwa analipa hela ya kupasha nyumba joto sawa na kodi. Kodi wanakutajia, ya joto watakwambia "inategemea".

Jambo la polisi wa mtaa kuja kuangalia kama kweli unakaa pale, na jina lako liko kwenye kengele, ndipo komuni, yaani manispaa, ikuandikishe, hilo limenifurahisha. Nimelisimulia kanisani. Askari anabisha hodi kuhakikisha kwamba upo! Mama Furaha mdogo hakuamini.

Hao vijana wa Bukavu, sina neno baya juu yao. Walikupokea Machi na bukari ya moto, na ulipougua ndio waliokuwa wananipigia kabla yako. Kwenye studio nani atajua kama hujaamka? Hilo ndilo linaniamsha usiku, kodi hainiamshi. Lakini jina lako halimo kwenye mkataba, na umesema mwenyewe kwamba mwenye nyumba hajawahi kuandika kwamba amekubali uwepo. Yule mwenye jina akipata kazi mji mwingine, Namur, kesho, wewe utang'oa mlango gani?

Unaona, nimeanza kuamua, na nilimwahidi papa yako sitaamua. Anasema una miaka 27, umevuka bahari, hutahitaji mama akuchagulie ukuta. Basi sisemi. Ukiniuliza tena Jumapili nitasema, kwa hiyo usiniulize.

Mwalimu amerudi sasa hivi, namsikia anafuta viatu kabla ya kukanyaga simenti yake. Nimemwomba Furaha karatasi, amenichania kwenye daftari la watoto, ya mistari. Papa yako ameuliza ya nini, nimemwambia. Hajasema kitu, amekwenda kutafuta penseli.

Mama yako